Babu yetu si askari asiyejulikana: barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho

Kwa Mkurugenzi na Wajumbe wa Bodi,

Waheshimiwa,

YAH: NISHANI, BARUA NA KARATASI ZA JESHI ZA BABU YETU

Salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Jina la taasisi yenu sitaliandika hapa. Mnajijua, na jalada letu mnalo, kama bado lipo. Tulitaka jambo hili liishie ofisini kwenu, ndiyo maana tumekuwa tukiandika barua za kawaida, tukipiga simu na kukaa kwenye benchi la mapokezi. Tumejibiwa kwa adabu kila mara, na kila mara jibu ni lile lile: suala lenu linafanyiwa kazi. Sasa tumesikia tangazo lenu redioni, mnawaomba wananchi wenye nishani, barua na vyeti vya wazee waliopigana Vita vya Pili vya Dunia wavilete kwenu vihifadhiwe. Wazee wa ukoo wakasema basi, andika hadharani. Wenye masanduku mengine wana haki ya kujua yaliyolipata la kwetu kabla hawajafungua makufuli.

Babu yetu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Aliondoka Pangani kijana, akaingia kikosi cha 36, kikosi cha Tanganyika, akapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kisha Bama (Burma, Myanmar ya leo) pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa begani alama ya kichwa cha kifaru. Mwaka 1944, mvua za huko zikiwa zimechachamaa, divisheni hiyo iliwafuata Wajapani kuteremka Bonde la Kabaw, kwenye malaria na matope, na mapema Desemba ikaingia Kalewa. Hapo wahandisi wakatandika juu ya mto Chindwin daraja la chuma la urefu wa zaidi ya mita 350, ambalo kwa wakati ule lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani. Babu alilivuka. Tanganyika peke yake ilitoa askari zaidi ya 80,000 katika vita ile, na wengi wao hawakuacha hata picha. Yeye aliacha sanduku.

Mlichopokea kutoka kwetu ni hiki. Nishani tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Bama, na ile ya mviringo, Nishani ya Vita, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Kitabu chake cha jeshi, chenye namba yake, kikosi, kabila, kimo, alama za mwilini, chanjo na malipo. Cheti cha kuachiwa jeshi. Picha moja iliyopigwa studio ya Colombo, amesimama na wenzake wawili. Na furushi la barua alizomwandikia bibi, bahasha zikiwa na mhuri wa mkaguzi wa jeshi, zimefungwa kwa kipande cha leso. Leso hiyo nayo tuliitaja kwenye orodha yetu. Kwenye orodha yenu haimo, lakini na tuanze na makubwa.

1. Mmevitenganisha vitu ambavyo thamani yake ni kukaa pamoja.

Nishani za Vita vya Kwanza, Uingereza ilizichonga ukingoni namba na jina la askari. Za Vita vya Pili zilitolewa tupu, kwa askari wetu na hata kwa Waingereza wenyewe. Igeuzeni Nyota ya Bama mtazame mgongo wake: shaba laini, hakuna herufi hata moja. Kinachoifanya nyota ile iwe ya babu, isiwe ya mtu mwingine yeyote kati ya umati mkubwa uliopewa nyota kama hiyo, ni kitabu kilicholala chini yake sandukuni. Itenganishe na kitabu bila kuandika namba, na hakuna mtaalamu duniani atakayeweza kumrudishia mwenyewe. Wanaofanya biashara ya nishani huko Ulaya wanalijua hili vizuri: nyota peke yake haina bei ya maana, lakini nyota pamoja na kitabu, barua na picha ni habari nyingine kabisa.

Nyinyi nishani mlizipeleka upande wa maonyesho, kitabu na cheti mkavipeleka upande wa nyaraka, na barua nitazifikia. Katika yote tuliyoonyeshwa hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba vitu hivi vilitoka nyumba moja. Matokeo yake tuliyaona siku ya maonyesho. Nishani zilikuwa kwenye kabati la kioo, na chini yake kibandiko kimeandikwa "Nishani za askari asiyejulikana, Vita vya Pili." Waheshimiwa, askari asiyejulikana ni yule ambaye mwili wake ulikutwa vitani bila jina. Huyu wa kwetu alikufa kitandani kwake, amezikwa Pangani, kaburi lake tunalipalilia, na jina lake limo kwenye kitabu mlichonacho ghorofa ya pili ya jengo hilo hilo. Tuliwakabidhi mtu mwenye jina, mkamvua.

Maonyesho yalipofungwa tukaja kuzichukua. Kijana wa stoo, mwenye heshima zake na sina ugomvi naye, akatutolea trei yenye nishani nyingi, akatuambia tuchague zetu. Tuchague! Nyota za Bama zilikuwemo kadhaa, zote pacha. Tungechagua kwa kipi? Tuliondoka mikono mitupu, kwa sababu kuchukua nyota ya babu wa mwenzetu kungekuwa kumtendea yule yale yale tuliyotendewa sisi.

2. Barua za Kiswahili mmeziita maandiko ya dini.

Babu hakusoma shule ya serikali. Alisoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, na herufi alizozijua ni za Kiarabu, kwa hiyo aliandika Kiswahili chake kwa herufi hizo, kama watu wa pwani walivyoandika kwa karne nyingi. Mtumishi wenu akaziona, hakuweza kuzisoma, akaandika juu ya bahasha "maandiko ya dini" na kuziweka pamoja na misahafu chakavu na vitabu vya dua. Tulikuja kulijua hilo kwa bahati tu, pale mtafiti mmoja aliyekuwa akitafuta kasida alipokuta salamu za Bama.

Mle ndani, ukiondoa bismillahi na salamu za mwanzo, hamna dua. Mna mtu anayeuliza kama mnazi wa nyuma ya nyumba umeanza kuzaa. Anayetaka kujua kama fedha anayokatwa kwenye mshahara inafika bomani, na kama karani anampa bibi yote au anambania. Anayelalamika kwamba viatu vinaozea miguuni kwa mvua. Anayesema alipo hawezi kupataja, maana jeshi lilikataza, ila "ni mbali, na mbu wake si kama wetu." Marehemu shangazi alikuwa akitusomea, na nyingine alizihifadhi kichwani.

Na mjue barua kama hizo zina uzito gani. Shajara za vita za vikosi vya Keya zimehifadhiwa Kew, London, kwenye Kumbukumbu za Taifa za Uingereza. Zinaeleza siku kwa siku kikosi kimelala wapi, kimevuka mto gani, kimeshambuliwa saa ngapi. Ofisa hutajwa kwa jina. Askari wetu kwa kawaida hutajwa kwa hesabu tu, wangapi wamekufa na wangapi wamejeruhiwa. Ukitaka kumsikia mwenyewe, kwa lugha yake, ni hizo karatasi mlizozitia kwenye sanduku la misahafu.

Sioni vipi taasisi ya urithi iliyo katika nchi hii iseme herufi hizo ni ngeni. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ambayo wenye mji waliizoea kwa jina la Bismini, ilisimamishwa mwaka 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Maneno yake yako kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi za Kirumi, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Serikali ya mkoloni ilijua watu wake wanasoma nini. Sanamu hiyo hiyo inaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Na jina la askari hata mmoja halikuandikwa hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili ya herufi hizo tangu miaka ya 1960. Zanzibar, Mombasa na Lamu wasomaji wapo. Simu moja ingetosha.

3. Uhifadhi.

Nishani zimesuguliwa kwa brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, mpaka zinameta. Riboni zake za asili, ambazo babu alizivaa mwenyewe, zimetupwa na kuwekwa za nailoni zilizonunuliwa dukani, na ile ya Nyota ya Bama imewekwa rangi zisizo zake. Kitabu cha jeshi kimefunguliwa mshono na kurasa zake mbili zimetiwa laminesheni kama kitambulisho cha mwanafunzi. Plastiki ile imeshikishwa kwa moto. Ukiibandua, wino unatoka nayo. Moja ya kurasa hizo ni ya malipo.

Picha ya Colombo haijulikani iliko. Tunayo taswira yake tuliyoipiga kwa simu siku ya makabidhiano, ina mwanga wa taa juu ya uso wa mmoja wa wale wawili. Majina yao hatuyajui. Tulitumaini picha ikitundikwa kwenye maonyesho, mtu wa Songea, wa Tabora au wa Tukuyu atasimama mbele yake aseme huyu ni mzee wetu. Haikutundikwa.

4. Stakabadhi isiyosema lolote.

Imeandikwa "Imepokelewa," tarehe, na sahihi isiyosomeka. Haisemi kama tumeazimisha au tumetoa zawadi. Mjomba aliyetia sahihi kwa niaba yetu alielezwa kwamba ni kwa maonyesho na vitarudi. Leo tunaambiwa kwa mdomo kwamba ni mali ya umma. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, zinataka makumbusho iwe na uthibitisho wa haki yake juu ya kila kitu inachokimiliki, na kila kitu kiwe na kumbukumbu za kilikotoka. Tuonyesheni uthibitisho huo. Kama haupo, vitu ni vyetu.

5. Kimya.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kumjibu mwananchi. Tuliomba kwa maandishi, tukiitaja sheria hiyo. Siku hizo zilipita zamani.

Najua mtakachosema, kwa kuwa mengi tumekwisha kuambiwa.

Mtasema mhusika amestaafu na hakukabidhi ofisi vizuri. Sisi hatukumpa mtu, tuliipa ofisi, na ofisi haistaafu.

Mtasema hakuna bajeti. Kuhifadhi karatasi kwa miaka mia kunahitaji fedha, hilo sibishi. Chumba chenye hewa kavu si bure, na masanduku maalumu ya karatasi hayaokotwi. Lakini kuandika namba moja kwa penseli kwenye bahasha tano, na namba hiyo hiyo daftarini pamoja na jina la mwenye mali na kijiji chake, kunahitaji penseli.

Mtasema twende Uingereza tukatafute rekodi nyingine. Nimekwisha kueleza kilichopo Kew. Ukurasa wenye alama za mwili wa babu na malipo yake haupo kwenye shajara ya kikosi.

Na mtasema lile alilotuambia mmoja wenu ana kwa ana, ambalo limewauma wazee kuliko yote: kwamba hawa walimpigania mfalme wa Kiingereza, si mashujaa wa taifa, kwa hiyo vitu vyao havina kipaumbele. Hili nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Kwanza, hatukuomba cheo cha ushujaa. Babu mwenyewe hakujiita shujaa. Alikuwa akisema alikwenda, akarudi. Pili, jeshi lenyewe halikutoka hewani. Kambi ya Lugalo ya Dar es Salaam ilikuwa ikiitwa Colito, kwa jina la mahali huko Uhabeshi ambapo Keya wa Tanganyika walipigana Mei 1941, na ni kutoka kambi hiyo hiyo yalianza maasi ya Januari 1964 yaliyofanya jeshi la zamani livunjwe na Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, liundwe mwaka ule ule. Huwezi kusimulia habari ya JWTZ ukaruka Keya.

Tatu, na hili ndilo ningependa lifike kwenye Bodi. Anayetaka kumshitaki mkoloni, ushahidi wake uko kwenye masanduku haya. Mwaka 2019 ilitangazwa hati iliyokutwa kwenye kumbukumbu za Uingereza, inayoonyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi ya ngozi: Mwafrika akapewa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile. Hati hiyo ni amri iliyoandikwa na wakubwa. Kilichoingia mkononi mwa askari kimeandikwa kwenye kitabu chake cha malipo, shilingi kwa shilingi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwenye ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Sababu mojawapo ni kwamba majina yao hayakuwekwa, au yaliwekwa kisha yakapotea. Wakubwa wa zama zile waliona mpagazi na askari mweusi anatosha kuhesabiwa kwa jumla. Anayetia plastiki ya moto kwenye ukurasa wa malipo, na kumwandika mtu mwenye jina kuwa asiyejulikana, anaimalizia kazi yao, tena kwa mshahara wa kodi zetu.

Basi tunachotaka ni hiki, na tunakitaka kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai.

Mtupatie kwa maandishi, kitu kwa kitu, kilipo kila tulichowakabidhi: nishani tatu, kitabu, cheti, picha, barua na leso. Kilichopotea mkiri kimepotea, na mseme lini kilionekana mara ya mwisho.

Barua zitolewe kwenye sanduku la misahafu, zisomwe na mtu anayezijua herufi, ziandikwe kwa herufi za Kirumi, na familia ipewe nakala kamili. Gharama ya msomaji tuko tayari kuchangia.

Vitu vyote vipewe namba moja ya mapokezi na viwekwe pamoja. Kuhusu nishani zilizochanganywa kwenye trei, tafuteni picha mlizopiga wakati wa kupokea, kama zipo. Nyota ya babu ina mkwaruzo kwenye ncha ya chini, alioufanya mjomba utotoni; brasso haiwezi kuufuta. Wakati ule hatukuambiwa tuje na picha zetu za zamani za kulinganisha. Tunazo.

Baada ya hapo tuketi, tukubaliane kwa mkataba kama vinabaki kwenu kwa kuazima au vinarudi Pangani. Msidhani tunataka kuvifungia. Wengi wetu tungependa vibaki mahali ambapo mtoto wa shule atapita avione, ila vikiwa na jina lake, kijiji chake na kikosi chake.

Na tangazo la redioni lisimame kwa sasa. Lirudi mtakapokuwa na fomu inayoeleza kama kitu kinaazimwa au kinatolewa, yenye orodha na picha ya kila kilichopokelewa, na nakala inayobaki kwa familia. Mpaka hapo, ninawashauri wenye masanduku wapige picha kila ukurasa na kila bahasha, mbele na nyuma, wasisugue nishani, wasitie laminesheni, wasitenganishe kitabu na nishani, na wamwulize aliye hai katika ukoo ni nani hao waliosimama pichani, leo, si kesho. Mtu akija na stakabadhi iliyoandikwa "Imepokelewa" peke yake, wamkaribishe kahawa na wamwambie arudi na fomu.

Bado tuna vitu viwili vya babu ambavyo hatukuvileta: mkanda wake, na daftari alilokuwa akiandika majina ya wenzake wa kikosi waliofia Bama, pamoja na vijiji vyao. Mwenzenu mmoja ametuulizia daftari hilo kwa simu. Jibu letu ni kwamba litatoka nyumbani siku tutakayopata majibu ya maandishi ya hayo yaliyotangulia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu, kwa niaba ya ukoo
Pangani

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi, Ofisi ya Mkuu wa Wilaya